Uzi maalumu: Homa ya ini B sugu, kinga ya mwili na saratani ya ini (walioko Tabora na Kigoma tuingie hapa)

#1 Tabibu_Unyanyembe

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kliniki za wajawazito na vituo vya kuchangia damu vinaibua watu wenye homa ya ini B hapa Tabora na kule Kigoma. Anayekutwa nayo hurudi nyumbani na karatasi yenye mstari mmoja: HBsAg (protini ya ganda la kirusi) chanya. Hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Huyu ataambiwa hana tatizo kwa kuwa haumwi, yule ataambiwa ini limekwisha, na wa tatu atauziwa mizizi ya kunywa miezi mitatu. Mstari ule hauwezi kubeba jibu lolote kati ya hayo. Unasema kirusi kipo, basi. Hausemi kinga ya mwili inakifanya nini, na kwenye ugonjwa huu hilo ndilo linaloamua nani atazeeka na ini zima na nani ataishia kwenye saratani.

Tushike kwanza jambo moja: kirusi cha homa ya ini B chenyewe hakiui seli ya ini. Kinaingia, kinahifadhi vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli katika umbo la duara lililofungwa, linaloitwa cccDNA, na seli inaendelea na kazi zake huku ikizalisha virusi. Kinachoiua seli hiyo ni kinga yetu, hasa seli T (chembe nyeupe za damu) za aina ya CD8, ambazo huitambua seli iliyoambukizwa na kuiangamiza. Enzaimu ya ALT iliyokuwa ndani yake humwagika kwenye damu. Kwa hiyo ALT ikipanda, unachokiona ni kinga ikifanya kazi, si wingi wa virusi. Mtu anaweza kuwa na virusi mamilioni kwa mililita na ALT yake ikasoma 18. Mwingine ana virusi 5,000 na ALT 140, na huyo wa pili ndiye ini lake linaloumia kwa kasi.

Umri wa kuambukizwa ndio unaopanga kila kitu. Mtoto mchanga akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, uwezekano wa kubaki na ugonjwa sugu ni karibu 90%. Kati ya mwaka 1 na 5 ni kama 30%. Mtu mzima mwenye kinga nzuri ni chini ya 5%, wengine wote hukifuta kirusi wenyewe, mara nyingi bila hata kujua. Watu wazima wengi tunaowaona huku na ugonjwa sugu waliupata utotoni, kwa mama au kwa watoto wenzao.

Kwa nini kinga ya mtoto inashindwa? Kirusi hutoa maganda matupu ya HBsAg kwa wingi wa ajabu: kwa kila kirusi kamili kuna maganda 1,000 hadi 100,000 yanayoelea kwenye damu. HBeAg, protini nyingine ya kirusi, nayo huizoesha kinga changa imchukulie mgeni kama mwenyeji. Seli T zinazokutana na adui yuleyule miaka nenda rudi huanza kuvaa breki juu ya ngozi yake, maarufu ikiwa PD-1, na uwezo wake wa kuua hupungua. Wataalamu husema zimechoka. Hazijafa. Zinaua kidogo kidogo, kiasi cha kutosha kuleta makovu lakini kisichotosha kumaliza kirusi. Hapo ndipo ubaya wote wa ugonjwa huu ulipo.

Vipindi vyake kwa kifupi. Aliyeambukizwa utotoni huanza na kipindi ambacho kinga haijishughulishi: HBeAg chanya, virusi vingi mno, mara nyingi zaidi ya 10,000,000 IU (kizio cha kimataifa) kwa mililita, ALT ya kawaida. Baadaye kinga huamka. ALT hupanda na kushuka, seli hufa na nyingine kuzaliwa, makovu yanaanza. Wengi huvuka hapo: HBeAg hupotea, virusi hushuka chini ya 2,000, ALT hutulia. Hao ndio waliozoeleka kuitwa wabebaji. Lakini kirusi kinaweza kubadilika kwenye kipande cha jeni kinachotengeneza HBeAg, kikaacha kuitoa huku kikizaliana kama kawaida. Aina ya A1, iliyoenea Afrika Mashariki, hupoteza HBeAg mapema, kwa hiyo huku kwetu HBeAg hasi isimtulize mtu yeyote. Wanaopoteza HBsAg yenyewe ni wachache, kama 1% kwa mwaka.

Kwa kuwa vipindi hubadilika, anayeonekana yuko sawa leo apimwe ALT kila miezi 3 hadi 4 mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6 hadi 12. Karibuni tuongezee.

#2 Maabara_Malagarasi

Ahsante Tabibu. Naongeza upande wa maabara, kwa sababu maamuzi mengi mabaya huanzia kwenye tyubu.

Kipimo cha haraka cha HBsAg kisomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelezo ya kipimo hicho, kwa kawaida 15 hadi 20. Kadi iliyoachwa mezani saa nzima ikaanza kuonyesha mstari hafifu si chanya. Na "sugu" maana yake HBsAg imekuwepo zaidi ya miezi 6. Aliyepimwa mara moja tu akiwa na macho ya manjano anaweza kuwa na maambukizi mapya yatakayopona yenyewe. Rudieni baada ya miezi 6.

Pasipo na mashine ya kupima ugumu wa ini, tunatumia hesabu ya APRI. Chukua AST (enzaimu nyingine ya ini) ya mgonjwa, igawe kwa ukomo wa juu wa AST wa maabara yenu, zidisha kwa 100, kisha gawa kwa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu (kwa kizio cha 10⁹ kwa lita). Mfano: AST 76, ukomo 40, chembe sahani 110. 76 kwa 40 ni 1.9, mara 100 ni 190, kwa 110 ni 1.73. Kwa mwongozo wa WHO wa 2024, zaidi ya 0.5 ni dalili ya makovu yenye uzito, zaidi ya 1 ni dalili ya sirosisi, yaani ini lililokakamaa. Huyu wa 1.73 hahitaji kusubiri kipimo cha wingi wa virusi ili aanzishiwe dawa.

Sasa yanayoharibu hesabu hii.

Moja, damu iliyopasuka. Chembe nyekundu zimejaa AST. Ukivuta damu kwa nguvu na sindano nyembamba, au ukaitikisa tyubu barabarani kutoka zahanati ya mbali, seramu inatoka nyekundu na AST inapanda kwa uongo. Sampuli ya hivyo itupwe, ichukuliwe nyingine.

Mbili, na hili halizungumzwi vya kutosha: kuna watu ambao chembe sahani zao hushikana mafundomafundo ndani ya tyubu ya kofia ya zambarau. Mashine inahesabu fundo moja kama chembe moja au hailioni kabisa. FBP (hesabu kamili ya damu) inatoa 70 wakati mtu ana 210. Angalia matokeo yake: AST 38, ukomo 40, kwa chembe 70 APRI ni 1.36, kwa chembe 210 ni 0.45. Mtu mmoja, damu moja, na umemhamisha kutoka kwenye ini zima hadi kwenye sirosisi. Chembe sahani zikitoka chini bila sababu, tandaza damu kwenye kioo, tazama ukingo wa mtandazo kwa darubini. Ukiona mafundo, chukua damu upya kwenye tyubu ya kofia ya bluu yenye sitreti, pima haraka, na zidisha jibu kwa 1.1 kufidia maji ya sitreti.

Tatu, vipimo vya wingi wa virusi. Damu iende kwenye tyubu ya kofia ya zambarau, izungushwe kwenye sentrifuji na plazma itenganishwe ndani ya saa 24. Na someni kizio kabla ya namba. Maabara nyingine bado huandika kopi kwa mililita. IU 1 ni takriban kopi 5. Kopi 8,000 si sawa na IU 8,000, na mstari wa 2,000 unaotajwa kwenye miongozo ni IU.

#3 Mkazi_wa_Kaliua

Shikamooni wakuu. Naomba ufafanuzi. Karatasi ya maabara inasema ukomo wa ALT ni 41. Mtu ana 36, mganga anamwambia ni kawaida. Je, hapo dawa hazihitajiki?

#4 Tabibu_Unyanyembe

Marahaba. Ukomo wa maabara ulitokana na watu ambao baadhi yao walikuwa na mafuta kwenye ini bila kujulikana. WHO kwenye mwongozo wa Machi 2024 wanatumia 30 kwa mwanaume na 19 kwa mwanamke. Kwa hiyo 36 imepita kwa wote wawili, ingawa kipimo kimoja hakitoshi kusema imepanda moja kwa moja.

Anayestahili dawa, kuanzia miaka 12, ni yule mwenye mojawapo ya haya. Ana makovu (APRI zaidi ya 0.5, au kipimo cha ugumu wa ini zaidi ya 7 kPa), hapo huangalii ALT wala virusi. Au ana virusi zaidi ya 2,000 IU na ALT iliyopita ukomo. Au ana jambo linaloharakisha ugonjwa: VVU, homa ya ini C au D, kisukari, mafuta kwenye ini, dawa za kushusha kinga, ndugu wa damu aliyepata saratani ya ini au sirosisi. Au, pale ambapo wingi wa virusi haupimiki kabisa, ALT inayobaki juu kila inapopimwa. Hilo la mwisho limewekwa kwa ajili ya mazingira kama yetu, litumieni. Kumwacha mtu asubiri miaka kipimo ambacho hakipatikani wilayani ni kumpa kirusi muda.

Dawa yenyewe ni tenofovir 300 mg, kidonge 1 kwa siku, saa ileile. Isipofaa kwa sababu ya figo, entecavir 0.5 mg kwa siku kabla ya kula. Lamivudine peke yake isitumike kama kuna nyingine. Ndani ya miaka 5 virusi vya wagonjwa wengi huwa vimeizoea. Kabla ya tenofovir pima kreatinini (kipimo cha figo), urudie kila miezi 6 hadi 12. Uwezo wa figo ukishuka kati ya 30 na 49 mL kwa dakika, kidonge hutolewa kila baada ya saa 48. Mgonjwa aache kujinunulia diklofenaki dukani, hiyo na tenofovir zikikutana kwenye figo chovu matokeo ni mabaya.

Mambo mawili wagonjwa huambiwa vibaya. HBsAg haitegemewi kuwa hasi. Tenofovir huzuia kirusi kunakiliwa, lakini haiigusi ile cccDNA kwenye kiini. Anayepima HBsAg kila mwezi akingoja mstari upotee atakata tamaa na kuacha dawa, na hapo tunaingia kwenye jambo la pili: kuacha ghafla. Virusi hurudi, kinga iliyokuwa imetulia inavishtukia vyote kwa pamoja, na ndani ya miezi michache ALT inaweza kufika mamia au maelfu. Mwenye sirosisi anaweza kufa kwa hilo.

#5 CTC_Kibondo

Nachomekea hapo kwa wanaotumia ARV. TLD ni kidonge cha tenofovir, lamivudine na dolutegravir, na hizo mbili za kwanza zinafanya kazi kwa homa ya ini B. Mwenye VVU na homa ya ini B amekwishatibiwa zote kwa kidonge kimoja. Hatari ni pale anapobadilishiwa dawa. Ukimtoa kwenye tenofovir kwa sababu ya figo au kwa sababu TLD imeshindwa kwa VVU, hakikisha dawa mpya bado ina kitu cha kuzuia homa ya ini B, au ongeza entecavir. Lamivudine na dolutegravir peke yake hazimtoshi. Kwenye faili la mgonjwa HBsAg iandikwe ukurasa wa mbele, kwa wino mwekundu kama mnaweza, kwa kuwa anayebadilisha dawa mara nyingi si yule aliyepima.

#6 Nesi_Mwandiga

Niseme ya mama na mtoto, kwa kuwa kule kwenye 90% ndiko ugonjwa unakozaliwa.

Chanjo ya watoto ya pentavalenti ina homa ya ini B ndani yake, na hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Inafanya kazi nzuri sana kwa mtoto asiyeambukizwa bado. Lakini aliyemeza na kuguswa na damu ya mama wakati wa kuzaliwa hawezi kungoja wiki 6. Anahitaji chanjo ya homa ya ini B peke yake, 0.5 mL, msuli wa paja, ndani ya saa 24. Pentavalenti haitumiki siku ya kuzaliwa. Mama anayejua ana HBsAg aulize mapema, mimba ikiwa miezi 5 au 6, kama chanjo hiyo ipo kituoni anakotarajia kujifungulia. Kama haipo, aulize hospitali ya wilaya au ya mkoa, Maweni kwa Kigoma, Kitete kwa Tabora. Akiuliza akiwa na uchungu amechelewa.

Mama mwenye virusi 200,000 IU au zaidi, au HBeAg chanya, anapewa tenofovir kuanzia muhula wa pili wa mimba hadi angalau ajifungue, au hadi mtoto amalize chanjo. Kwa virusi vingi hivyo, chanjo peke yake kuna watoto itawakosa. Pasipo vipimo vyote viwili, mwongozo wa 2024 unaruhusu kumpa kila mjamzito mwenye HBsAg. Akiacha dawa baada ya kujifungua, ALT ipimwe kila baada ya wiki chache kwa miezi 6, kinga ya mama huamka baada ya uzazi na ini linaweza kuwaka.

Kunyonyesha kunaruhusiwa. Mwanamke mwenye homa ya ini B asinyimwe haki hiyo na mama mkwe wala na mhudumu. Mtoto apimwe HBsAg na kingamwili akiwa na miezi 9 hadi 12. Akipimwa kabla ya hapo, maambukizi yanayochelewa kujitokeza yanaweza kukosekana.

Neno kwa wenzangu wa zahanati: chanjo hii huharibika kwa kuganda, kuliko kwa joto. Ikae nyuzi 2 hadi 8. Vichupa vilivyosukumwa hadi kwenye ukuta wa barafu wa friji vikaganda usiku, asubuhi vikayeyuka, vinaonekana vizima. Fanyeni jaribio la kutikisa: tikisa kichupa unachokishuku pamoja na kingine ulichokigandisha makusudi, viweke mezani. Kinachotuama haraka na kuacha maji maangavu juu kama kile kilichoganda, kitupwe. Ukimchoma mtoto hiyo umemchoma maji.

#7 Karanga_Nzega

Madaktari mmesema ya hospitali, mimi nitasema ya ghalani, kwa kuwa Tabora tunalima karanga na mahindi na nusu ya habari ya saratani ya ini iko huko.

Kuvu aina ya Aspergillus flavus hutoa sumu kuvu, aflatoksini. Ini huigeuza aflatoksini B1 kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba na kuharibu jeni ya TP53, ile inayozuia seli kugawanyika hovyo, mara nyingi pale pale namba 249. Utafiti wa Shanghai uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha hatari ya saratani ya ini ikipanda mara 3.4 kwa aliyekuwa na aflatoksini pekee, mara 7.3 kwa mwenye HBsAg pekee, na mara 59.4 kwa mwenye vyote viwili. Hivi viwili havijumlishwi, vinazidishwa. Ini linalovunja na kujenga seli kila siku kwa sababu ya kinga ndilo linalozipa seli zilizoharibika nafasi ya kuongezeka. Na hapa nchini tunaijua sumu hii: mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa muda mfupi. Ile ya kidogo kidogo haionekani, ndiyo inayoingia kwenye saratani.

Ukomo wa kisheria ni 10 ppb (sehemu kwa bilioni) kwa aflatoksini zote, 5 ppb kwa B1. Mkulima hana mashine, ila ana haya:

Karanga zing'olewe zikikomaa, zigeuzwe maganda juu, zikauke mpaka unyevu wa 7% hivi, zikitikiswa zilie ndani ya ganda. Kosa kubwa ni kulowesha karanga ili zibanguke kirahisi. Maji hayo ndiyo yanayofufua kuvu. Bangua kavu au tafuta mashine ya kubangulia. Kisha chagua: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zenye ukungu, zote zitolewe na zifukiwe. Zisisagwe. Karanga za kusaga za bei ya chini sokoni mara nyingi ndiko mabaki hayo yanakoishia, na kukaanga hakuiondoi sumu.

Mahindi yafike unyevu usiozidi 13.5%. Jaribio la chumvi: chupa kavu ya kioo, mahindi hadi robo, chumvi kavu vijiko viwili, funika, tikisa dakika 2 hadi 3, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita 15%, rudisha juani juu ya turubai, si udongoni. Kukoboa hupunguza sumu kwa kuwa ganda na kiini cha punje ndivyo vinavyobeba nyingi. Pumba hizo sasa zisiende kwa ng'ombe wa maziwa, sumu hutoka kwenye maziwa. Mahindi yaliyooza yasipelekwe kwenye pombe pia.

#8 Mvuvi_Msomi

Ahsanteni. Swali la Kigoma: wapo watu wa mwambao wa ziwa wenye bandama kubwa na wanaotapika damu, wanaambiwa ni homa ya ini. Mnatofautishaje na kichocho?

#9 Tabibu_Unyanyembe

Swali zuri sana kaka, na ni la kwetu hasa. Kichocho cha tumbo kipo mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mayai yake huziba mishipa midogo ya mlango wa ini, presha inapanda, bandama inakua, mishipa ya koo inapasuka. Lakini seli za ini zenyewe hubaki nzima: albumini (protini inayotengenezwa na ini) ya kawaida, bilirubini (rangi ya manjano ya damu) ya kawaida, macho meupe, mgonjwa ana nguvu hadi siku anayotapika damu. Altrasaundi huonyesha makovu meupe yakifuata mishipa. Mwenye sirosisi ya homa ya ini B albumini yake hushuka, tumbo linajaa maji, ini linaonekana na matuta na kingo zisizo laini.

Hapa turudi kwa Maabara_Malagarasi: bandama kubwa, iwe ya kichocho au ya malaria ya muda mrefu, humeza chembe sahani. APRI itapanda bila makovu ya sirosisi. Kwa mtu wa mwambao mwenye bandama kubwa, APRI peke yake isiamue. Ongeza altrasaundi na albumini. Na anaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo apewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, 40 mg kwa kilo hata kama HBsAg ni chanya.

Sasa saratani, kwa kuwa kichwa cha uzi kinaitaja.

Njia ni zaidi ya moja. Vipande vya vinasaba vya kirusi hujipachika ndani ya vinasaba vyetu, mara nyingi karibu na jeni ya TERT inayozipa seli uwezo wa kugawanyika bila kikomo. Protini ya kirusi iitwayo HBx huvuruga ulinzi wa seli. Juu yake kuna miaka ya seli kufa na kuzaliwa. Kwa sababu ya kule kujipachika, saratani inaweza kutokea kabla ya sirosisi, na Afrika kusini mwa Sahara huwapata watu wa miaka ya 30 na 40, umri wa kulea. Maumivu upande wa kulia, kukonda na uvimbe unaoshikika ni dalili za mwisho. Anayesubiri dalili ameipa saratani nafasi yote.

Uchunguzi ni altrasaundi ya ini kila miezi 6, pamoja na kipimo cha damu cha AFP kinapopatikana. Miezi 6 imechaguliwa kwa sababu uvimbe wa aina hii mara nyingi huongezeka maradufu ndani ya miezi 4 hadi 6. Wanaohitaji zaidi: wote wenye sirosisi, wenye ndugu aliyepata saratani ya ini, na Waafrika wenye ugonjwa sugu hata kabla ya miaka 40. Mgonjwa aje bila kula saa 6, vinginevyo gesi inaficha ini. Uvimbe chini ya sm 1, rudia baada ya miezi 3. Sm 1 au zaidi, au AFP zaidi ya 20, aende kwenye CT ya awamu tatu yenye dawa ya mishipa, kwa wengi wetu ni hospitali ya Bugando, Mwanza. Saratani hii hula damu ya ateri, kwa hiyo hung'aa mapema na kufifia baadaye, wakati ini linalozunguka hufanya kinyume. Picha hiyo kwa mwenye homa ya ini B sugu inatosha kuitambua bila kukata kinyama. CT ya awamu moja haisaidii, ni fedha iliyopotea. Hakikisheni neno "awamu tatu" limeandikwa kwenye fomu ya rufaa.

AFP hupanda pia kwa mjamzito na kwa hepatitisi iliyowaka. Na uvimbe mdogo mara nyingi hauipandishi. Kwa hiyo AFP ya kawaida haifuti altrasaundi.

Ukikutwa mdogo, kuna upasuaji au kuuchoma kwa sindano, na hapo kupona kunawezekana. Ukiwa umesambaa, tangu 2020 duniani kuna tiba inayotumia atezolizumab na bevacizumab. Atezolizumab hufungua breki ileile ya PD-1 niliyoitaja mwanzo, ambayo Tasuku Honjo wa Japani aligundua jeni yake mwaka 1992 na kupewa Nobel mwaka 2018 pamoja na James Allison. Seli T zilizochoka kwa sababu ya kirusi na zilizochoka kwa sababu ya saratani zimefungwa kwa njia moja. Ila ukifungua breki kwa mtu mwenye virusi vingi, ini linaweza kuwaka. Tenofovir au entecavir hutangulia.

#10 Famasia_Urambo

Kinyume chake pia kinaua, na kinatokea kwa saratani zisizo za ini. Dawa zinazoshusha kinga zinakipa kirusi uhuru. Zikikatwa, kinga inarudi na kukuta seli nyingi zimeambukizwa. Ini linaweza kushindwa kabisa katikati ya tiba ya saratani ya matiti iliyokuwa inaenda vizuri.

Kabla ya kemo (tiba ya saratani kwa dawa) yoyote: HBsAg na kingamwili ya kiini, anti-HBc. Mwenye HBsAg aanze tenofovir au entecavir kabla ya kemo au siku ileile. Doksorubisini, dawa mojawapo ya kemo, iko kwenye kundi la hatari kubwa. Rituksimabu, ya limfoma (saratani ya tezi), ndiyo mbaya kuliko zote: humwamsha kirusi hata kwa mtu ambaye HBsAg yake ni hasi na ana anti-HBc tu, na kinga ya dawa iendelee angalau miezi 12 baada ya dozi ya mwisho. Prednisoloni nayo, 20 mg au zaidi kwa siku kwa wiki 4 na kuendelea, kwa mwenye HBsAg ni sababu ya kumkinga. Hiyo ya mwisho iko kila duka la dawa, na watu wa pumu na viungo wanaimeza bila kupimwa.

#11 Mama_Uvinza

Ndugu zangu, familia ikoje sasa? Kuna wanaotenga sahani na vikombe.

#12 Nesi_Mwandiga

Dada, sahani, kikombe, kupeana mkono, kula ugali pamoja, haviambukizi. Vinavyoambukiza ni damu na majimaji ya mwili: ngono bila kinga, wembe, mswaki, mkasi wa kucha, chale, sindano, kidonda kilicho wazi cha mtoto. Kirusi kinakaa hai nje ya mwili angalau siku 7, kwa hiyo tone la damu lililokauka si salama. Lifutwe kwa klorini ya 0.5%: dawa ya madoa ya 3.5%, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, iache dakika 10, vaa glavu.

Vyakula: asiache protini. Kuna dhana kwamba mwenye ini bovu asile samaki wala maharage, matokeo yake misuli inaisha. Dagaa wasio na chumvi wanafaa sana. Mwenye maji tumboni apunguze chumvi hadi kijiko kidogo cha chai kwa siku chakula chote, na migebuka ya chumvi aiache. Pombe aache kabisa. Dawa za mizizi pia, baadhi huharibu ini zenyewe na zote huchelewesha vipimo.

Mume au mke, watoto, wazazi na ndugu wa tumbo moja wapimwe HBsAg. Walio hasi wachanjwe dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Wapimwe kwanza kabla ya kuchanjwa, kwa sababu chanjo haimdhuru aliyekwisha kuambukizwa ila haimsaidii, na itamfanya adhani yuko salama.

#13 Mkazi_wa_Kaliua

Na aliyechoma ya kwanza akapotea mwaka mzima, anaanza upya?

#14 Nesi_Mwandiga

Haanzi upya. Apewe ya pili siku hiyo anapofika, na ya tatu angalau wiki 8 baada ya ya pili. Mwenzi wa mgonjwa na mhudumu wa afya wapime kingamwili mwezi 1 hadi 2 baada ya dozi ya mwisho. 10 mIU kwa mililita au zaidi inatosha. Ikiwa chini ya hapo, arudie dozi zote tatu na apimwe tena.